Jakarta kwa Njia ya Nyakahura

Ngara mjini, 12 Machi 1995

...na habari ya kalenda sikumaliza kukueleza, shangazi, maana dereva alipiga honi nikiwa bado nimeshika dirisha lako. Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa ndoa imenisahaulisha adabu. Natumaini ulifika Biharamulo mgongo ukiwa mzima. Sisi hatujambo. Idi tulikula pilau, na mito miwili uliyotushonea foronya za maua mekundu kila mgeni ameisifu.

Kalenda ametupa Bwana Hartono, fundi mkuu wa maji katika shirika ambako Luqmani wangu anaendesha lori la unga wa wakimbizi. Kwao ni Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Kila mwezi una picha yake, nami nimekwisha kuzitazama zote mpaka Desemba. Shangazi, kuna msikiti ambao watu wa Ngara nzima wakiingia, na wa Kibimba na Murukulazo, bado utabaki na nafasi ya kukimbizana watoto. Mkataba wa Bwana Hartono unaisha Agosti, na ametualika wiki mbili nyumbani kwa kaka yake. Luqmani alinitazama, nikamtazama, na jambo likawa limeamuliwa. Ndivyo tulivyo sisi wawili, huwa hatuhitaji maneno.

Juzi alirudi na damu kifuani, nikapiga yowe. Kumbe si yake. Kwenye foleni ya unga mtu alimkata mwenzake panga la shingo kwa ajili ya kadi ya chakula, na damu ikaruka mpaka mlango wa lori. Nimeloweka shati kwa maji baridi na chumvi kama ulivyonifundisha, limetakata kabisa.

Jakarta wana sherehe mwezi wa nane, barabara zote hupambwa bendera nyekundu na nyeupe. Nitavaa ile doti uliyonipa.

Mwanao mwenye furaha,
Raya


Biharamulo, 2 Aprili 1995

Mwanangu Raya,

Marahaba. Barua yako imelala stendi siku kumi na moja. Nimesomewa na kijana wangu Ahmadi, naye ndiye anayeandika haya ninayosema, maana herufi zenu za shule hazinijui nami sizijui.

Mgongo unauma lakini nimeuzoea. Habari mbaya ni basi la Jumatatu. Lilipigwa risasi msituni baada ya Nyakahura. Juvenali dereva, yule aliyekuja harusini kwako na jogoo mikononi, risasi ilimwingia chini ya jicho. Kondakta alimkalia mapajani akashika usukani juu ya mikono ya maiti, wakaenda hivyo hivyo mpaka Lusahunga. Nimekwenda kwa mama yake Juvenali. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Ama wewe. Mimi somo wako nilikufungia fungate siku saba, nikakuletea uji wa pilipili manga mlangoni, nikadhani mtashiba kutazamana. Kumbe mnataka nyingine ya kupanda ndege. Haya. Babu yako wa Pangani alikuwa akisema nchi hizo ndizo zilizoleta doriani, tunda linalonuka kama choo na kuonekana tamu na wasio na pua. Ukalile huko huko, usiniletee.

Shangazi anauliza pia: mtaondoka siku gani, kwa gari gani, na fedha za tiketi mtazibebaje, maana ana wasiwasi na njia.

Shangazi yako,
Sharifa

Nami mwandishi nakusalimu, dada Raya. Mwambie shemeji Luqmani asinisahau akifika kwa Wajakarta, saa ya mkononi inanitosha. Kaka yako Ahmadi.


Ngara mjini, 14 Mei 1995

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kaka Ahmadi naye salamu, saa yake nimeiandika kwenye orodha. Pole kwa Juvenali. Nimemkumbuka na jogoo wake nikalia, kisha Luqmani akanifuta machozi kwa kidole kimoja kimoja, nikasahau nilikuwa nalilia nini. Mungu anisamehe.

Mambo yanakwenda. Bwana Hartono ametuandikia ratiba. Siku ya kwanza tutapumzika, ya pili msikiti, ya tatu pwani iitwayo Ancol kuna bustani na samaki wanaotazamwa kwenye vioo. Mjini kuna vigari vya magurudumu matatu vyenye paa, huitwa bajaji, wanakaa abiria wawili tu, wamebanana. Luqmani anasema hicho ndicho kigari kilichotengenezwa na mtu mwenye akili.

Kambini kumechafuka. Jumatano vijana walimburuta mtu mbele ya lori la Luqmani wakidai ni mpelelezi. Walimpiga kwa marungu yenye misumari mpaka akakosa sura. Luqmani alizima injini akangoja wamalize, kwa sababu angepiga honi wangemgeukia yeye. Alinisimulia tukiwa tunakula, kisha akaweka kijiko chini. Tangu siku hiyo hataki nipike nyama. Lakini nikimfungulia kalenda hucheka tena.

Umeuliza siku na gari. Ni Jumamosi tarehe 10 Juni, alfajiri, kwa pikapu nyeupe ya Bwana Hartono. Yeye na Luqmani wanakwenda Mwanza kushughulikia pasi za kusafiria na tiketi. Hawatasubiri msafara wa askari, maana hutoka saa nne, na Bwana Hartono anasema majambazi huwinda mabasi, hawategemei gari dogo la mapema. Fedha nimezishona mwenyewe ndani ya mto, ule wa maua mekundu, Luqmani atauegemea kama msafiri mwenye usingizi. Nani atafikiria? Mimi sitakwenda. Kila asubuhi natapika, na wewe unajua maana yake kuliko mimi, kwa hiyo usicheke.

Watapita kwako kunywa chai. Mpikie chapati za maji, huzipenda.

Raya wako


Biharamulo, 28 Mei 1995

Mwanangu Raya,

Marahaba. Nimefurahi kwa habari ya kutapika, Mungu akulinde wewe na kilichomo. Mpango wenu wa Mwanza ni mzuri, nenda nao vile vile. Chapati zitakuwa tayari.

Sharifa

Na mimi nawatakia safari njema. Ahmadi.


Ngara mjini, 25 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni karibu na kitanda cha Luqmani. Utakuwa umesikia, lakini umesikia kwa watu. Nakuandikia ili usikie kwangu.

Kupita Nyakahura, kwenye kona, walikuta gogo barabarani. Dereva Bartholomayo, baba wa watoto watano, alirudisha gari nyuma, majambazi wakampiga risasi mbili za koo. Bwana Hartono alirukia mtaroni akalala kwenye maji, wakampita. Walikuwa watano, nyuso zimefungwa vitambaa. Hawakufungua begi. Hawakugusa saa ya Luqmani wala redio ya gari. Mmoja alisema, "Mto. Ule wa maua mekundu." Luqmani alikuwa ameukumbatia. Hakuutoa, shangazi. Mjinga wangu huyu hakuutoa, alidhani anaikumbatia Jakarta. Wakamkata mkono wa kushoto, vidole vitatu vikabaki kwenye kiti. Akaendelea kushika kwa mkono mwingine. Wakamkata sikio na bega. Ndipo akauachia.

Bwana Hartono alimfunga kwa shati lake, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali akiwa amekalia damu ya Bartholomayo. Sasa ameondoka nchini. Alilia alipoaga.

Bado natapika. Mtoto yupo.

Nimekuwa nikijiuliza jambo moja usiku na mchana. Habari ya mto ule niliiandika mara moja tu, na kwa mtu mmoja tu. Kama una la kuniambia, niambie. Kama huna, pia niambie.

Raya


Ngara mjini, 20 Julai 1995

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita hujaijibu, na wanaotoka Biharamulo wanasema wanakuona sokoni ukitembea kwa miguu yako.

Ahmadi amekuja kumwona mgonjwa. Alileta sukari kilo mbili na pole zako, akasema unaumwa huwezi kusema maneno ya kuandikwa. Alikula kwetu. Alimsaidia Luqmani kunawa kwa ule mkono uliobaki mzima, nikaona aibu kwa mawazo niliyokuwa nayo juu ya nyumba yenu. Aliuliza kama majambazi walionekana sura. Luqmani akamwambia sura hapana, lakini sauti ya yule aliyetaja mto anaijua, aliwahi kuisikia mahali, na siku ataikumbuka atakwenda polisi. Ahmadi akasema kwa kunong'ona kwamba ni vizuri. Mchana kutwa alisema kwa kunong'ona, alidai ana mafua.

Aliuliza pia kama safari ya Jakarta imekufa. Nikamwambia haijafa. Bwana Hartono ameandika kwamba atatulipia tiketi yeye, na shirika limempa Luqmani fidia ya mkono. Safari hii tutakwenda wote wawili.

Kama umenichoka, sema.

Raya


Biharamulo, 6 Agosti 1995

Raya, mwanangu,

Usishangae kuona mwandiko huu. Ni herufi za Kiarabu, tulizofundishwa chuoni, wewe na mimi kwa miaka tofauti. Zisome polepole kwa sauti, zitakuja. Naandika hivi kwa sababu ndizo pekee asizozijua Ahmadi. Alikimbia chuo kabla ya nusu ya Juzuu Amma, nilimchapa, nikachoka kumchapa, nikamwacha. Leo nashukuru.

Anayekuletea ni nesi Petronila wa Nemba. Mwamini, ndiye aliyenisomea upya barua zako.

Sikukuuliza siku. Sikukuuliza gari wala fedha. Maneno yale aliyaongeza mwenyewe, mimi nimekaa mbele yake nikiitazama kalamu ikienda. Na uliponiandikia habari ya mto, nilimwambia akuandikie hivi: "Raya, usiandike tena mambo ya safari kwenye barua, na waambie wangoje askari." Akaandika mistari mingi, akanisomea hayo hayo niliyosema. Najua sasa kwamba hakuyaandika.

Tarehe 12 Juni niliinua godoro lake kutafuta kunguni. Nilikuta foronya yangu. Ua la pembeni nililikosea mshono, unakumbuka, nilifumua mara mbili. Ilikuwa imefuliwa kwa maji moto. Damu ikipata maji moto haitoki, na hilo hakulijua kwa kuwa nilikufundisha wewe, yeye sikumfundisha.

Nimekaa na jambo hili siku hamsini na tano. Barua yako ya Juni alinisomea vingine, kwamba Luqmani ameumia kidogo na wewe unanisalimu. Nilimlea tangu ana miaka sita, baba yake alipomleta akasema huyu hana mama. Nilitafuta namna ya kutojua. Alirudi kutoka kwenu, na juzi nikamsikia uani akimwambia mwenzake: "Yule dereva anaikumbuka sauti. Safari hii asifike Mwanza, yeye na mkewe." Alisema "na mkewe". Alikuwa anakula ugali wangu.

Basi nimechagua. Kaka yake Petronila ni Sajenti Anatory, mkuu wa askari wa msafara. Amekwisha kujua yote. Wewe fanya kazi moja. Niandikie barua ya kawaida kwa herufi za shule, kama zile zako za mwanzo. Ijaze Jakarta. Mcheke Luqmani, unichekeshe na mimi. Kisha useme Jumamosi tarehe 26, alfajiri, bila msafara, ninyi wawili. Ndani ya gari mtakuwa hampo.

Ukimaliza kusoma, choma.

Sharifa


Ngara mjini, 13 Agosti 1995

Shangazi yangu mpenzi wa moyo,

Shikamoo mara mia. Nisamehe kwa barua zangu za uchungu, mwanamke mwenye mimba hukasirika hata na sufuria. Ahmadi amenieleza kwamba ulikuwa unaumwa, nami nimeona haya mpaka masikioni.

Sasa sikiliza. Jakarta imerudi. Luqmani amejifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na kifungo cha juu huniachia mimi kwa makusudi, najua. Kila jioni tunafungua kalenda. Mwezi huu ni picha ya bustani ya okidi, maua yanayoota bila udongo. Anasema atanichumia moja anibandike nyuma ya sikio, kwa kuwa yeye la kwake halipo tena. Anacheka mwenyewe, nami nacheka. Tutapanda bajaji. Tutakula wali wa kukaangwa wenye yai juu. Doriani nitalionja kwa niaba ya babu, nikizimia nitakuandikia.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 26, alfajiri, tukiwa wawili na dereva, kwa Landrova ya kijani ya shirika. Askari tunawaacha, wanachelewesha. Fidia yote ya Luqmani tunakwenda nayo, nimeishona kwenye ule mto wa pili, pacha wa yule.

Msalimu kaka Ahmadi. Saa yake safari hii hataikosa.

Mwanao mwenye furaha,
Raya


Biharamulo, 30 Agosti 1995

Raya,

Naandika kwa herufi zangu, sasa hakuna wa kumficha.

Ahmadi alinisomea barua yako Jumatano. Alisoma vizuri kuliko siku zote, alicheka kwenye doriani. Nilicheka naye. Ijumaa nilimpikia maharage ya nazi. Nilitaka aseme neno moja, "Mama, nimefanya jambo," ningetuma mtu kwa Anatory papo hapo. Alisema chumvi imezidi kidogo.

Jumamosi gogo likawekwa pale pale. Landrova ikasimama, wakatoka msituni, na turubai la gari likafunuka, chini yake askari sita. Wengine walikuwa wamelala majanini tangu usiku. Kaka yake Petronila anasema ilikuwa kama kukaanga bisi, kisha kimya. Majambazi watatu wamekufa, wawili wameshikwa, mmoja hana tena taya. Askari mmoja, Idefonsi, kijana wa Shinyanga, amekufa naye. Ana mke. Umtaje unaposwali.

Walimleta uani kwangu kwa gari ili nimtambue. Uso haukuwepo. Nilimtambua kwa kidole gumba cha mguu, alichojikata kwa jembe akiwa na miaka saba, nikamfunga kwa kitambaa na majivu. Nikasema ndiye. Watu wakamwosha, wakamzika kando ya baba yake.

Mfukoni alikuwa na barua yako. Amepigia mstari tarehe. Karatasi imekauka ikawa ngumu kama ngozi, nimeiweka kwenye sanduku pamoja na foronya.

Usiniambie pole. Nitaisikia, na sijui nitafanya nini nikiisikia.

Sharifa


Ngara mjini, 8 Septemba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Nami ninaandika kwa herufi za chuoni. Ni mbaya, nukta nimezisahau nusu, vumilia. Hii ndiyo barua ya kwanza katika maisha yangu utakayoisoma wewe mwenyewe, hakuna mdomo wa mtu katikati yetu. Luqmani hajambo. Mtoto amecheza Jumanne, kwa mara ya kwanza, kama samaki anayegeuka.

Sikupi pole, kama ulivyosema. Nakuambia hili tu: niliandika ile barua ya Agosti nikiwa natabasamu. Sikujilazimisha. Nilikaa, nikamfikiria Luqmani na kifungo chake, na maneno yakaja matamu kama yale ya Machi, mpaka nikafika kwenye tarehe na mkono haukusita. Furaha yangu ndiyo iliyomkata Luqmani vidole, na furaha hiyo hiyo ndiyo iliyomwita Ahmadi barabarani. Nilimwahidi na saa. Sijui niiweke wapi furaha hiyo sasa. Ningependa kuiweka karibu yako.

Luqmani ameikumbuka sauti. Alisema Jumapili, ghafla, akiwa ananisaidia kuanua nguo: Ahmadi ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote siku ya harusi yetu, alipokuwa anabeba masinia. Kisha akaanua nguo zote zilizobaki, peke yake, kwa ule mkono mmoja.

Bwana Hartono ameandika. Anasema nyumba ya kaka yake haihami, tuje mwaka wowote, watatu au wanne. Kalenda nimeiacha ukutani, lakini nimeshindwa kufunua ukurasa, bado iko Agosti kwenye okidi. Safari ya kwanza tumekubaliana isiwe hiyo. Kuna mtu mmoja anayechambua mchele peke yake Biharamulo, na mgongo wake unauma.

Nimefunga mto wa pili kwenye shuka, tunauleta. Utaniambia kama ufumuliwe au ulaliwe. Tutakuja kwa msafara wa askari, tutakaa nyuma yao kabisa, Luqmani na mimi na huyu samaki. Weka maji ya chapati karibu kabla mwezi huu haujaisha. Siku siiandiki.

Raya